Jaji aliye shoga na kesi ya ndoa za jinsia moja: akae au ajitoe?

Kahawa_Chungu:
Wakuu, mbukwenyi. Jana kijiweni Area C tumebishana mpaka mwenye birika akatufukuza, nikaona niilete hapa. California, mwaka 2008, wananchi walipiga kura kwamba ndoa ni ya mume na mke basi. Kama asilimia 52 wakasema ndiyo. Wapenzi wa jinsia moja wakaenda mahakamani, kesi ikaangukia kwa jaji wa shirikisho pale San Francisco, Vaughn Walker. Agosti 2010 akaitupa ile kura. Mapema 2011 akastaafu, na Aprili akawaambia waandishi wa habari kwamba ana mwenzi wa kiume, daktari, wako pamoja miaka kumi. Walioshindwa wakaruka: hukumu ifutwe, kumbe mzee alikuwa anajiamulia harusi yake! Juni 2011 jaji mwingine, James Ware, akawakatalia.

Swali langu ni moja na naomba tusitoke hapo. Alipaswa kujitoa? SIULIZI kama ushoga ni halali. Hilo kila mtu ana jibu lake tangu alipokuwa mgongoni kwa mama yake. Nauliza la jaji.

Sauti_ya_Nyikani:
Mtu mzima, unaamka asubuhi Dodoma hii, maji yamekatika tangu Jumanne, unatuletea ndoa za wanaume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, ndoa ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke. Tumemaliza. Fungeni mjadala.

Kahawa_Chungu:
Nimesema siulizi hilo.

Sauti_ya_Nyikani:
Umesema huulizi ila umeleta.

Nzuguni_Boy:
Maji yamekatika wapi tena? Mbona huku kwetu yapo?

Sauti_ya_Nyikani:
Nzuguni na maji wapi na wapi. Labda unaoga kwa imani.

Mtemi_wa_Bahi:
Mimi sikusoma sana ila wazee walishasema: kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Huyo bwana alikuwa na jambo lake, akakaa kitini akalihukumu, akalipa ushindi. Kuna la kubishana hapo? Tena aliteuliwa na Obama huyo, alijua anachokifanya.

Wakili_Mstaafu:
Mtemi, heshima yako kaka, ila hapo kwa Obama umeteleza. Walker alipendekezwa mara ya kwanza na Reagan 1987, ikakwama, Bush baba akampeleka tena 1989 akapita. Na waliompinga sana mwaka ule wa 1987 ni watetezi wa mashoga wenyewe. Kisa? Akiwa wakili aliisimamia Kamati ya Olimpiki ya Marekani ilipozuia michezo ya mashoga ya San Francisco isitumie jina la Olimpiki. Kwa hiyo mtu yule yule mwaka 1987 anaitwa adui wa mashoga, 2011 anaitwa wakala wao.

Mtemi_wa_Bahi:
Sawa, Reagan. Nyani ni nyani hata akiteuliwa na nani.

Binti_Nkuhungu:
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa tatu sheria, naomba niseme moja. Upande ulioshindwa hoja yake kubwa ilikuwa kwamba ndoa za jinsia moja zikiruhusiwa zitadhoofisha taasisi yote ya ndoa, ya kila mtu. Tuipokee hoja hiyo kama ilivyo. Basi jaji mwenye mke na watoto naye ndoa yake iko hatarini, naye ana maslahi. Shoga ajitoe kwa sababu atafaidika, mwenye mke ajitoe kwa sababu ataumia. Anabaki nani? Padri?

Mtemi_wa_Bahi:
Mwanangu, usimtaje padri kwenye mambo haya.

Binti_Nkuhungu:
Samahani baba, nilitaka kumtaja mtu asiye na ndoa tu.

Mtemi_wa_Bahi:
Mtaje mwingine. Wapo wengi wasio na ndoa hapo chuoni kwenu.

Sauti_ya_Nyikani:
Na padri hana mke lakini msimamo anao, tena mzito. Binti, sheria mmejifunza, adabu bado. Mimi ninao mfano mzito kuliko wa Walker na hamtaugusa. Hukumu ya 2015 iliyoruhusu ndoa hizo Marekani nzima ilipita kura tano kwa nne. Kati ya hao watano, wanawake wawili, Ginsburg na mwingine jina limenitoka, walikuwa wameshafungisha harusi za namna hiyo kwa mikono yao kabla ya kesi. Waliombwa wajitoe, wakakaa. Toa wawili hao uone kama tano inabaki tano. Wanawake wakishaamua jambo ndiyo basi tena.

Mama_Mbili:
Hilo la mwisho umelitoa wapi? Wanaume wawili waliopiga kura upande huo huo hukuwaona?

Nzuguni_Boy:
😂😂 Imekula kwako, Sauti.

Wakili_Mstaafu:
Jina lililomtoka ni Kagan. Na ingawa aliliharibu mwishoni, mfano wake ni mzuri. Kufungisha harusi ni kitendo, siyo maumbile. Ningependa mtu aujibu.

Mama_Mbili:
Mimi namjibu aliyenitukana kwanza.

Nzuguni_Boy:
Jamani tusichoshane. Kwa mantiki ya mdogo wetu wa Nkuhungu, kesi za viwanja hapa Dodoma asikilize nani? Kila aliyehamia na serikali kuanzia 2016 ana kiwanja, kama siyo Iyumbu ni Njedengwa, kama siyo Njedengwa anavizia Mtumba. Wenyeji ndiyo hawana maslahi maana walishauza wakanywea. Basi hakimu awe Mgogo mwenyeji, hana cha kupendelea!

Mtemi_wa_Bahi:
Rudia hapo.

Nzuguni_Boy:
Utani mzee wangu.

Mtemi_wa_Bahi:
Utani una watani wake. Wewe umeshuka na basi juzi, begi moja, leo unasema walishauza wakanywea. Babu yangu alilima uwele na karanga mahali ambapo leo kuna maghorofa. Hakuuza hata hatua moja. Walikuja watu na kamba na rangi, wakapiga alama kwenye mbuyu, tukaambiwa hapa ni mipango miji, subirini fidia. Iliyokuja ilinunua mbuzi. Sitasema wangapi, maana utacheka tena.

Mama_Mbili:
Pole sana baba.

Kahawa_Chungu:
Wakuu, tulikuwa California.

Mtemi_wa_Bahi:
Nenda wewe California. Mimi niko hapa. CDA, ile mamlaka ya kuendeleza makao makuu iliyokuwa inagawa ardhi hapa, ilivunjwa Mei 2017, watu wakapiga vigelegele mtaani, wakadhani mashamba yatarudi. Makaratasi yakahamia kwa manispaa, sisi tukahamia kwenye mabenchi ya kusubiri.

Nzuguni_Boy:
Mzee wangu naomba radhi kweli. Sikujua.

Mama_Mbili:
Samahani, kwa kuwa mmefika kwenye viwanja: nimenunua kwa mtu, amenipa barua ya toleo, jirani yangu anasema naye ana barua ya toleo ya namba hiyo hiyo. Nifanyeje? Nimeshapeleka na tofali.

Wakili_Mstaafu:
Mama, simamisha ujenzi leo. Nenda kwa Msajili wa Hati ukafanye upekuzi, uone kiwanja kiko kwa jina la nani. Aliyekuuzia asikukimbie, andikishianeni.

Mtemi_wa_Bahi:
Na kabla ya yote uone ramani yenyewe ya upimaji, usikubali ya kuchorwa na mkono. Wenzako wamejenga barabarani.

Kahawa_Chungu:
Nitaanzisha mjadala mwingine wa viwanja. Naapa.

Mtemi_wa_Bahi:
Subiri, usitufukuze kama mwenye birika wako, maana nimekumbuka jambo na ni la mada yako hiyo hiyo. Kesi yetu ilisikilizwa na watu, sitaji chombo gani. Aliyekaa kiti cha mbele alikuwa mpole, anatuita wazee wangu, anatupa nafasi ya kusema. Tukashindwa. Mwaka mmoja baadaye shemeji yangu anamwona anasimamia mafundi kwenye kitalu kile kile tulichokuwa tunakigombea. Ana kiwanja pale. Hakusema hata neno moja. Angesema siku ya kwanza, "wazee wangu, mimi nina kipande hapa", huenda tungemwambia endelea tu, maana nani Dodoma hana kipande? Lakini alinyamaza. Kiwanja chake sikuwa na shida nacho. Kile kimya ndicho kinaniwasha mpaka leo.

Binti_Nkuhungu:
Baba, hapo umeigusa kesi yenyewe. Waliotaka hukumu ya Walker ifutwe hawakusema wazi kwamba shoga asihukumu. Walisema hakueleza kwamba yuko kwenye uhusiano wa muda mrefu, kwa hiyo huenda alitaka kuoa, na wao hawakupata nafasi ya kumpinga.

Mtemi_wa_Bahi:
Basi mimi nilikuwa upande wao bila kujua.

Wakili_Mstaafu:
Polepole kaka. Kiwanja na mwenzi wa nyumbani si kitu kimoja. Kiwanja kina namba, kina bei, kesi ikiisha kinapanda au kinashuka. Hata wakwe wakikiuza unajua thamani. Ware alisema kesi ya haki za raia inamgusa kila raia, huwezi kumtoa jaji kwa sababu tu ni mmoja wa wanaodai haki hiyo. Vinginevyo jaji mweusi asisikilize kesi ya ubaguzi. Na hilo lilijaribiwa: 1974 Pennsylvania chama cha wafanyakazi kilitaka Jaji Higginbotham ajitoe kesi ya ubaguzi kazini kwa vile ni mweusi na alihutubia wanahistoria weusi. Alikataa, akaandika kirefu kweli.

Ukitaka mfano wa kitu kama kiwanja chako, chukua Lord Hoffmann wa Uingereza kwenye kesi ya Pinochet 1998. Amnesty International iliruhusiwa kuingia kwenye kesi, naye alikuwa mwenyekiti wa taasisi ya hisani ya Amnesty hiyo hiyo na hakusema. Desemba majaji wenzake wakaifuta hukumu, kesi ikaanza upya. Hakuna aliyethibitisha kwamba alipendelea. Haikuhitajika.

Sauti_ya_Nyikani:
Kwa hiyo Hoffmann kwa uenyekiti anafutiwa, Walker kwa miaka kumi ya kulala nyumba moja anaachwa. Sheria ya wazungu ni mpira wa makaratasi, unaupiga kokote.

Binti_Nkuhungu:
Hakimu Mkristo wa Mahakama ya Mwanzo anasikiliza mirathi ya Kiislamu kila wiki hapa nchini. Anatangaza ubatizo wake kwanza?

Sauti_ya_Nyikani:
Jina lake linamtangaza. Anaitwa Yohana. Walker jina lake lilimtangaza nini?

Nzuguni_Boy:
Hiyo nayo ni hoja 😂

Wakili_Mstaafu:
Ni hoja kweli, sitaikataa. Twende Afrika Kusini basi. Edwin Cameron alikuwa jaji wa rufaa, nchi nzima inajua ni shoga, alishajisema mwenyewe hadharani. Novemba 2004 ndiye aliyeandika hukumu ya kesi ya Fourie, ya wanawake wawili waliotaka kuoana. Mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ikaenda mbali zaidi. Alikaa akaandika, jina lake pale chini.

Sauti_ya_Nyikani:
Kwa sababu alisema. Unanisaidia mimi.

Mama_Mbili:
Alisema kwa sababu kwao ukisema hufungwi. Hapa kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataka miaka thelathini kwenda juu mpaka maisha. Mnamtaka jaji atangaze nini, atangaze na namba ya seli?

Sauti_ya_Nyikani:
Asiwe jaji.

Mama_Mbili:
Haya, na wewe unayemchukia, ukiwa jaji, utatangaza kwamba unamchukia?

Sauti_ya_Nyikani:
Mimi simchukii mtu. Nachukia dhambi.

Mama_Mbili:
Andika hivyo hivyo kwenye jalada basi, siku ya kwanza, kabla hajaanza shahidi.

Kahawa_Chungu:
Hapo ndipo nilipokwama jana kijiweni. Mwenye chuki kimya yake haionekani. Mwenye mwenzi wa kiume siku moja anaonekana sokoni na mtu.

Nzuguni_Boy:
Kwetu mbona rahisi, mshtakiwa anasema tu sina imani nawe. Septemba 2021 Mbowe alisema hivyo, Jaji Luvanda akajitoa, akaja mwingine.

Wakili_Mstaafu:
Rahisi kwa macho. Kila jaji akijitoa kwa kuambiwa hakuaminiki, watu watachagua majaji kama wanachagua nyanya Majengo, wanabonyeza mpaka wapate laini. Na sisi anayeamua ombi la kujitoa ni yule yule anayeombwa ajitoe. Unamuuliza mtu, "bwana, unapendelea?" Atajibu nini?

Mtemi_wa_Bahi:
Atakuita mzee wangu.

Binti_Nkuhungu:
Baba, leo ukirudishwa siku ile ya kesi yenu, yule bwana aseme "nina kipande hapa". Kweli ungemwachia aendelee?

Mtemi_wa_Bahi:
Nimesema huenda.

Mama_Mbili:
Wakili, nimetoka kuzungumza na aliyeniuzia, anasema niende Jumatatu. Baba Mtemi na wewe ulisema ramani ya upimaji, nitaisomaje? Kitalu chenyewe ni kule nyuma ya Iyumbu, karibu na mbuyu mkubwa uliokatwa tawi moja. Una alama ya rangi nyekundu ya zamani.

Mtemi_wa_Bahi:
Tawi la upande wa barabara?

Mama_Mbili:
Ndiyo baba. Unapafahamu?

Mtemi_wa_Bahi:
Mama, hapo mimi sina la kukushauri. Muulize Wakili.