Tupeane uzoefu: vimji vidogo vya Marekani, kweli maisha ni bei chee?

Wakuu, heshima mbele.

Kila mwezi naulizwa na watu wa Bongo walioshinda bahati nasibu ya green card: tuanzie jiji kubwa, au tuje huko shamba mliko, maana tunasikia nyumba ni za bure? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naanza na yangu, nanyi mshushe zenu.

Nipo Garden City, Kansas, mwaka wa sita. Mji wa watu kama 28,000, unaendeshwa na nyama ya ng'ombe, na upepo ukigeuka harufu ya mazizi inaingia mpaka chumbani. Nyumba ya vyumba viwili nalipa dola 850. Rafiki yangu yuko Boston, kwa hela hiyo anapata chumba cha kuchangia choo. Hapo ndipo tunapoingizwa mkenge, kwa sababu huku bila gari wewe ni mfungwa. Zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri, basi la mji bado limelala. Mke naye ana zamu yake upande mwingine, kwa hiyo magari ni mawili.

Februari niliamua kuandika kila senti ya Toyota yangu ya 2009. Mafuta 190. Bima 148. Tairi mbili za mtumba 110. Alteneta ikafa asubuhi ya barafu, na fundi akachukua 420 pamoja na spea. Jumla 868. Yaani gari linalolala nje kwenye baridi limenizidi kodi ya nyumba ninayolala mimi!

Na ulizeni mshahara kabla ya kuuliza nyumba. Kima cha chini Kansas bado ni kile cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu Julai 2009. Kiwandani wanalipa zaidi ya mara mbili ya hapo, ila mke alianza kutandika vitanda motelini kwa dola 10. Ukitofautiana na msimamizi wa kiwanda, pa kukimbilia ni pachache. Wichita ni zaidi ya saa tatu barabarani.

Chakula sina malalamiko makubwa. Tangu Januari 2025 jimbo limeondoa kodi yake kwenye vyakula, imebaki ya mji na kaunti. Ila unga wa Wameksiko msiusonge ugali, mahindi yake yamechemshwa na chokaa. Nilijaribu, watoto wakaniangalia tu.

Mtoto wa Bukavu

Jambo bandugu. Miye niko Lewiston, Maine. Huku shida yetu inaitwa mazutu, yaani mafuta ya kupasha nyumba joto.

Mwaka wa kwanza nilipata nyumba kwenye gorofa za zamani za mbao, dola 200 chini ya ile ya jirani. Mwenye nyumba alisema kitu kuhusu joto, nikaitikia "yes, yes" nikatia sahihi. Kumbe jirani joto liko ndani ya kodi yake, langu najinunulia. Chini ya nyumba kuna tangi la galoni 275, na muuzaji haleti chini ya galoni 100. Hiyo ilikuwa Novemba 2022, galoni ilipita dola tano. Piga hesabu. Sikuwa nazo.

Kishale kikashuka mpaka chini, mashine ya joto ikazima usiku. Watoto wakalala na makoti na kofia. Asubuhi nikabeba bidoni mpaka kituo cha mafuta, nikanunua galoni tano za dizeli, nikamimina kwenye bomba la nje, theluji ikiwa magotini. Mashine ikagoma. Jirani mmoja Msomali akashuka na spana, akalegeza kiskrubu kidogo kando ya pampu, hewa ikatoka na povu, halafu mafuta safi, ndipo moto ukashika. Dakika mbili tu. Alisema yeye pia alifundishwa na mtu hivyohivyo.

Baadaye niliambiwa kuna msaada wa serikali wa kupasha nyumba, LIHEAP. Ombeni mapema, kabla baridi haijafika.

Nyanya Chungu

Mkenya hapa, niko Athens, Ohio, chuoni. Mkuu wa Kansas, mji wa chuo ni kitu kingine kabisa. Gari sina na silihitaji, kila kitu natembea. Shida ni mbili. Visa yangu inaniruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Halafu mikataba ya nyumba ni miezi 12 hata kama wewe unakaa tisa, hivyo kiangazi unalipia kuta. Lakini Mei wanafunzi wakiondoka, kando ya mapipa ya taka unaokota godoro, maikrowevu, jiko la wali bado kwenye boksi lake. Nyumba yangu yote ni ya Mei.

Mama Wawili

Mji wangu wa Iowa sitautaja. Mtoto alipata degedege usiku, nikapiga 911. Ambulensi maili 31, kwa sababu hospitali ya karibu haina daktari wa watoto. Wiki sita baadaye ikaja bili ya dola 1,640 baada ya bima kutoa yake. Ile sheria ya 2022 ya kuzuia bili za kushtukiza inahusu ambulensi za ndege, za barabarani haizigusi. Bili ya hospitali ilikuwa mbali, nayo niliomba msaada. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu huo, ila usipouliza hakuna atakayekuambia. Walikata nusu. Ya ambulensi nalipa 50 kila mwezi mpaka leo. Mtoto mzima, anaruka kwenye kochi sasa hivi.

Kaka Mkubwa

Missoula, Montana. Dukani hakuna kodi ya mauzo, bei ya kwenye rafu ndiyo unayolipa. Kodi ya nyumba msiniulize, nitalia.

Mwanzisha uzi

Mama Wawili, pole sana, na asante.

Kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu kutuma nyumbani. Tangu Januari 1, 2026 ukituma kwa keshi unakatwa asilimia 1 ya serikali. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya hapa au kadi yake, hukatwi.

Nyanya Chungu, Mei ukiona jiko la wali nihifadhie moja, nitalifuata. Hapana, ngoja. Nimepiga hesabu ya mafuta Kansas mpaka Ohio. Acha ninunue jipya.