Upanga wa mikono miwili: mtu wa mita 1.64 achukue urefu gani?

Jambo wandugu. Naomba ushauri.

Hapa Lubumbashi tuko sita tunaojizoeza upanga wa Ulaya wa mikono miwili, kila jioni kwenye kiwanja kimoja cha Katuba. Panga zetu ni za mbao ya mulombwa. Seremala alizipima kwa kaka yangu, mrefu wa mita 1.82, kwa hiyo zote zina sentimeta 135. Mimi unanifika begani! Nikiurudisha nyuma kwa chini, ncha inakwaruza udongo, na baada ya robo saa viwiko vinaniwaka moto.

Filippo Vadi, mwalimu Mwitalia wa karne ya 15, alifundisha kwamba ukiusimamisha upanga, kirungu cha mpini kifike kwapani. Kwapa langu liko kwenye sentimeta 122. Kaka anasema nikifupisha sitamfikia tena mpinzani mwenye mikono mirefu, na hilo kweli linanitia wasiwasi.

Nifuate kwapa, ama nibaki na urefu huu na kupunguza uzito tu? Na mpini je, niuache na sentimeta 30 zake? Nyinyi wafupi wenye uzoefu, mlichagua nini? Seremala anangoja vipimo Jumamosi.