Maumivu ya ugoko kabla ya kwenda jeshini: nikomae au nipumzike?

Kijana wa Mwanga aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Naandika kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nina umri wa miaka 20 na nimekusudia kuomba nafasi ya kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa zitakapotangazwa. Wiki saba zilizopita nilijiunga na kikundi cha vijana kumi na mmoja wanaojiandaa kama mimi, tukiongozwa na kaka mmoja wa mtaani ambaye aliwahi kupitia mafunzo hayo. Tunaanza saa kumi na nusu alfajiri, siku sita kwa wiki. Tunakwenda mchakamchaka kwa barabara ya lami kuelekea Ujiji na kurudi, kisha tunapiga pushapu na kuruka kichurachura mpaka kila mtu amelala kifudifudi.

Wiki ya tatu tuliagizwa tukimbie na buti, na kila mmoja abebe mchanga mgongoni. Mimi niliuchota Kibirizi, ufukweni kwenye soko la dagaa, nikaujaza karibu nusu ya kiroba cha sembe cha kilo 25, nikakitia kwenye begi la shule, nikakadiria kwamba nimebeba kilo 12 hivi. Buti ni za mtumba na zinanizidi namba moja, kwa hiyo navaa soksi mbili.

Sasa ni wiki ya pili nasikia maumivu upande wa ndani wa ugoko wa kulia, kama shibiri moja juu ya kifundo cha mguu. Mwanzoni yalikuwa yakija nikianza kukimbia na kutoweka mwili ukishapata joto, lakini siku hizi hayatoweki, na usiku yananiamsha. Nikibonyeza kwa kidole kimoja napapata mahali penyewe hasa, na nikiruka kwa mguu huo peke yake siwezi kuruka mara ya pili. Sijamwambia kiongozi wetu, kwa sababu mwenzetu aliyesema goti linamuuma aliitwa mtegeaji mbele ya watu wote, akaongezewa pushapu hamsini, na tangu siku hiyo hajarudi. Naomba ushauri wenu: je, haya ni maumivu ya kawaida ambayo askari anapaswa kuyavumilia mpaka yazoeleke, au nisimame?

Mstaafu wa Ujiji alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa mkufunzi wa makuruta kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Acha kukimbia leo hii, na usiuvae huo mzigo tena mpaka mguu wako umetazamwa na mtu anayejua mifupa. Nasema hivi nikiwa mtu ambaye kwa muda mrefu alifundisha kinyume chake.

Katika kozi mojawapo niliyoisimamia, kuruta mmoja alimaliza matembezi marefu akichechemea tangu nusu ya njia. Kila nilipomuuliza alijibu, «Niko sawa, afande.» Tulipofika nilimwita mbele ya gwaride, nikamshika bega, nikawaambia wenzake kwamba huyu ndiye askari. Jioni ile tulipotaka kumvua buti, wayo ulikuwa umevimba kiasi kwamba ilitubidi tukate kamba kwa kisu. Mfupa wa wayo ulikuwa umevunjika, na kijana yule aliyekuwa na kila sifa ya kuwa askari mzuri akarudishwa nyumbani. Jambo linalonisumbua hadi leo ni lile bega nililolishika, kwa kuwa kwa wiki nzima iliyofuata hakuna kuruta hata mmoja aliyekwenda zahanati ya kikosi, na mimi nikajisifu kwamba nina kombania imara, kumbe nilikuwa nimewafundisha kuficha. Wengine wawili walikuja kuletwa wakiwa wamebebwa.

Neno «mtegeaji» lina kazi yake, kwa maana wapo watu wanaotegea, na mkufunzi asiyewajua hafai. Lakini mkufunzi anayelitumia neno hilo kwa kila anayesema anaumwa anajipofusha mwenyewe. Anayetegea utamjua kwa kumtazama siku kumi, akilegea katika kila kazi, hata ya kufagia. Kijana aliyekuwa wa mbele wiki iliyopita, na leo anakanyaga kwa kidole, hategei.

Kuhusu hizo pushapu hamsini, mkufunzi anapochanganya zoezi na adhabu anapoteza hesabu. Amepanga kazi ya asubuhi kwa kipimo fulani, halafu anaongeza hamsini kwa aliyechelewa, thelathini kwa aliyecheka na kichurachura kwa wote, na mwisho wa siku hajui mwili wa kila kuruta umebeba nini. Adhabu zipo nyingine nyingi. Kuchota maji na kulima havihitaji kuharibu programu ya mazoezi.

Nataka pia nikutetee mchakamchaka, nisije nikaonekana napinga asili yetu. Ule wimbo tunaoitikia una faida kuliko vijana wengi wanavyodhani, kwa sababu mtu anayeweza kuitikia kwa sauti huku anakimbia yuko katika mwendo unaojenga moyo na mapafu bila kumchosha kupita kiasi. Wamarekani nao wana nyimbo zao za mwendo, ambazo hueleza kwamba zilianza mwaka 1944 kwa askari mmoja aitwaye Willie Duckworth, aliyewaimbisha wenzake waliochoka katika kambi ya Fort Slocum. Kikundi chenu kikifika mahali ambapo hakuna anayeweza kuitikia tena, mwimbishaji apunguze mwendo.

Mkazi wa Gungu alijibu:

Kwa heshima zote, mzee wangu, mimi nina wasiwasi na mafundisho haya. Jeshi si timu ya mpira. Adui hatamsubiri kijana mguu upoe. Sisi tulilala na njaa, tukakimbia na homa, na ndiyo maana tukawa watu. Tukianza kumfundisha kila kijana kusikiliza maumivu yake, tutapata askari wa aina gani?

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Kasulu, alijibu:

Naomba niingie hapo kwa upande wa mwili. Kijana wa Mwanga, dalili ulizozieleza ni tatu, na zikikutana mimi huzichukulia kwa uzito: maumivu ya mahali pamoja panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, maumivu yanayoamsha usiku, na kushindwa kuruka kwa mguu mmoja. Maumivu ya misuli na tando za ugoko, ambayo wanaoanza kukimbia huyapata sana, huenea kwa urefu wa mfupa, na mtu anapobonyeza husema panauma hapa na hapa na hapa. Yako yanafanana zaidi na ufa unaotokana na mfupa kurudishiwa mzigo ule ule mara maelfu kabla haujapata muda wa kujijenga. Siwezi kuthibitisha bila kukuona, kwa hiyo nenda hospitali ya mkoa pale Maweni, na ueleze historia yote kama ulivyoieleza hapa. Ukipigwa picha ya eksirei na isionyeshe kitu, usifurahi haraka ukarudi barabarani, kwa sababu ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani katika wiki za mwanzo.

Ugonjwa huu si mgeni majeshini. Daktari wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, aitwaye Breithaupt aliueleza mwaka 1855, alipoona askari waliovimba nyayo baada ya matembezi marefu, na hiyo ilikuwa miaka arobaini kabla eksirei haijagunduliwa. Mfupa ulio hai hubomoa sehemu zake zilizochoka na kuzijenga upya, lakini kubomoa hutangulia kujenga, kwa hiyo katika wiki za mwanzo za mazoezi mageni kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko siku ulipoanza. Wewe uliongezewa buti na mzigo katika wiki ya tatu, yaani katikati ya kipindi hicho hicho. Moyo na mapafu huzoea upesi, kijana akajiona ana nguvu, ilhali mifupa yake bado iko nyuma.

Ndugu yangu wa Gungu, majeshi yenyewe yamelipima suala hilo. Kikosi cha Marines cha Marekani, yaani askari wao wa majini, huko San Diego, kilipunguza umbali wa kukimbia kwa makuruta wake, na nyufa za mifupa zikapungua sana, wakati uwezo wao wa kukimbia haukushuka kwa kiasi cha maana.

Kuna jambo jingine ambalo kwa mkoa wetu silioni likisemwa vya kutosha. Watu wengi wa maeneo haya yenye malaria wanabeba kinasaba kimoja cha seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kuugua, na wengi hawajui. Mtu huyo anaweza kuwa askari bila tatizo, lakini akisukumwa ghafla hadi mwisho wa nguvu zake, katika joto na bila maji, misuli yake iko katika hatari zaidi ya kuvunjikavunjika na kuziumiza figo. Uchunguzi uliofanywa kwa askari wa Jeshi la Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha hatari hiyo ya misuli, lakini haukukuta kwamba askari wenye kinasaba hicho walikufa zaidi ya wenzao, katika jeshi ambalo tayari lilikuwa na taratibu za kusimamia maji, joto na mapumziko kwa kila askari. Kwa hiyo yeyote katika kikundi chenu ambaye baada ya zile pushapu na kichurachura atakojoa mkojo wenye rangi ya kahawa, au misuli ikavimba na kuuma kupita kawaida, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiambiwe kwamba anatengeneza mwili.

Askari wa hifadhi alijibu:

Kaka, pole sana. Mimi ni mwanamke, nilipitia mafunzo ya kijeshi na sasa ni mwaka wa sita nikiwa kwenye kazi ya ulinzi wa wanyamapori kusini mwa mkoa huu, upande wa Milima ya Mahale. Kule ndani hakuna barabara, mtu hufika kwa boti na kazi yote ni kwa miguu, huku mlima Nkungwe ukiwa juu yako kwa mita 2,462. Siku ya doria sijawahi kuhitaji kukimbia kilomita nyingi kwa kasi. Ninachohitaji ni kutembea saa saba na mgongo wenye mzigo, kuinama, kupanda, kuvuta mwenzangu kwenye ukingo, na jioni niwe bado nina akili ya kufikiri.

Hata majeshi makubwa yamelitambua hilo. Jeshi la Marekani kuanzia mwaka 1980 lilimpima askari kwa pushapu, kuinuka kutoka kulala chali, na kukimbia maili mbili, ambazo ni kilomita 3.2. Mwaka 2022 liliacha kipimo hicho, na kipimo chake cha sasa, kilichoanza mwaka 2025, kimeongeza kuinua chuma kizito kutoka chini, na mbio fupi za kuvuta na kubeba.

Sasa nataka nikuulize kuhusu huo mchanga. Ulikadiria kilo 12 kwa sababu kiroba kikijaa sembe ni kilo 25, lakini mchanga ni mzito zaidi ya mara mbili ya unga kwa ujazo ule ule. Tafadhali upeleke kwa akina mama wanaouza dagaa pale pale Kibirizi wakupimie kwenye mizani. Kwa kulinganisha, askari wa miguu wa Marekani anayewania beji ya ubingwa wa fani yake hutembea kilomita 19 ndani ya saa tatu akiwa na mzigo wa kilo 16 hivi, na huyo ni askari aliyekwisha kufundishwa, tena miguu yake ina buti zinazomtosha. Mzigo hutembezwa, haukimbizwi. Mguu ukipona anza na kilo 5 mara moja kwa wiki, kwenye udongo na si kwenye lami, na uongeze kidogo kila baada ya wiki mbili.

Mwisho ni chakula, na hili nalisema hasa kwa wadogo zangu wa kike wanaosoma, kwa sababu sisi hupata nyufa hizi kuliko wanaume. Ukikimbia alfajiri kwa tumbo tupu na kushinda kwa ugali wa muhogo wenye mchuzi peke yake, mfupa hauna cha kujijengea. Muhogo unatia nguvu lakini protini yake ni ndogo mno. Ule na maharage, na dagaa utafune na miba yao. Binti ambaye hedhi imekatika kwa sababu ya mazoezi asidhani kwamba amekomaa. Mwili wake unasema hauli vya kutosha, na mifupa ndiyo italipa.

Mkazi wa Gungu alijibu:

Nimesoma yote. Hilo la homa nalifuta, maana mwenzetu mmoja tulimzika na hatukuwahi kuambiwa sababu.

Kijana wa Mwanga alijibu:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimetoka hospitali leo. Picha haikuonyesha ufa, lakini daktari baada ya kunibonyeza ameniambia nisikimbie wala kubeba mzigo kwa wiki sita, kisha nirudi anitazame.

Begi nililipeleka Kibirizi kama dada alivyoagiza. Mama mmoja aliondoa karai la dagaa kwenye mizani, tukalipandisha, likasoma kilo 29. Mimi mwenyewe nina kilo 58. Jioni nilikwenda nalo nyumbani kwa kiongozi wetu, nikamwambia habari ya mguu na nikamwomba alinyanyue. Alilinyanyua, akaliweka chini, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza mabegi ya wenzangu yana kilo ngapi. Nikamwambia hakuna anayejua. Kesho saa moja asubuhi tunakwenda wote Kibirizi kuyapima, na yeye mwenyewe amempigia simu yule mwenzetu wa goti kumwomba aje.