Mnaocheza gofu nchi za baridi: mnapumzika miezi ya baridi au mnacheza mwaka mzima?

MeruLeicester:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kutoka kwa wenye uzoefu.

Nipo Leicester, Uingereza. Gofu nilijifunzia Arusha, nikianza kama kedi, yaani mbebaji wa mabegi ya wachezaji. Kule tulicheza mwaka mzima. Masika ikikolea tulikaa pembeni mpaka maji yapungue, kisha tukarudi uwanjani. Hapa saa zikisharudishwa nyuma mwisho wa Oktoba, siku inakatika. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo siku za kazi sina nafasi kabisa. Inabaki Jumamosi au Jumapili asubuhi, na ndizo asubuhi ambazo tunaamka tunakuta ujumbe kwamba uwanja umefungwa kwa sababu ya sakitu, yaani umande ulioganda juu ya nyasi.

Uwanja wetu uko kwenye udongo wa mfinyanzi. Mvua za Novemba zikishaingia ardhini hazitoki. Vitoroli vinapigwa marufuku, mashimo kadhaa yanahamishiwa kwenye grini (sehemu za nyasi fupi zenye shimo) za muda, na mpira ukianguka unazama palepale bila kubiringika. Wenzangu klabuni wamegawanyika. Wapo wanaofungia fimbo stoo Novemba na kuzitoa mashindano makubwa ya Masters yanapokaribia, Aprili. Wapo wazee wa miaka sabini na kitu ambao hawakosi wiki hata moja.

Nawaza handikapu yangu (namba ya kiwango cha mchezaji, ikiwa ndogo ndiyo bora), maana msimu huu imeshuka hadi 14 na nimeihangaikia sana. Nawaza ada pia, kwa sababu ninalipa kila mwezi, nicheze nisicheze. Halafu kiwiko cha mkono wa kulia kimeanza kuuma upande wa ndani, hasa baada ya kupiga mipira kwenye mikeka ya uwanja wa mazoezi. Ningekuwa Arusha nisingekuwa na swali hili. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Baba_Tumaini_MN:
Mkuu, huku Minnesota, Marekani, hakuna mjadala. Theluji inaamua. Tunafunga Novemba, tunafungua Aprili kama Mungu akijalia, na bado jimbo hili lina wachezaji wengi ajabu. Uwanja wetu wa Hazeltine ulipokea Ryder Cup, mashindano ya Marekani dhidi ya Ulaya, mwaka 2016. Kwa hiyo usiogope kwamba ukipumzika mchezo utakufa. Ninachokiona kila Aprili ni kwamba mzunguko wa mwili wakati wa kupiga unarudi haraka. Kinachopotea ni mguso wa karibu na grini. Kwa hiyo miezi yote hiyo ninasukuma mipira kwenye zulia sebuleni, na mara mojamoja naenda kwenye simuleta. Pumzika bila hofu.

Grini_Bila_Sakitu:
Nafanya kazi ya kutunza uwanja kusini mwa Uingereza, naomba nieleze kuhusu sakitu, kwa sababu wanachama wengi wanadhani tunafunga kwa uvivu.

Jani la nyasi limejaa maji. Yakiganda, ukilikanyaga kuta za seli zinavunjika. Siku hiyo huoni kitu. Baada ya siku chache nyayo zinatokea, nyeusi kisha kahawia, na kwa kuwa udongo ukiwa chini ya nyuzi 6 hivi nyasi karibu haziongezeki kabisa, nyayo hizo zitakaa hadi majira ya kuchipua. Kibaya zaidi ni wakati barafu inapoyeyuka. Juu pamelainika, chini bado pamekaza kama saruji. Mchezaji akigeuza mguu, tabaka la juu linateleza na mizizi inakatika. Tunaogopa saa hizo kuliko sakitu yenyewe, na ndizo saa ambazo watu wanatupigia simu wakisema jua limetoka, mbona hamfungui.

Kwa hiyo, ndugu Meru, usipange kucheza saa mbili asubuhi. Omba nafasi ya saa tano au saa sita mchana, mashimo tisa. Utayamaliza kabla ya giza, na uwanja utakushukuru.

Dada_Fizio:
Pole kwa kiwiko, kaka. Mimi ni mfiziotherapia, ila sijakuona, hivyo nasema kwa ujumla tu. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko ni kawaida kwa wachezaji gofu, hasa mkono wa nyuma, yaani wa kulia kwa anayepiga kwa kulia. Pale ndipo kano za misuli inayokunja kifundo cha mkono zinaposhikamana na mfupa.

Acha mikeka kwanza. Kwenye nyasi, ukipiga nyuma ya mpira fimbo inazama udongoni na kasi inapungua. Kwenye mkeka mwembamba uliotandikwa juu ya zege fimbo inadunda na mshtuko unapanda mkononi, halafu mpira unaenda vizuri tu, kwa hiyo hujui kwamba umekosea. Ardhi iliyoganda inakufanyia vilevile.

Lakini usidhani kukaa kimya miezi mitano kutaiponya kano. Kano inataka mzigo unaoongezwa taratibu. Shika dambeli ndogo, nyanyua kifundo cha mkono, kishushe polepole sana, na uongeze uzito wiki hadi wiki. Muuguzi pia anainua na kugeuza wagonjwa, mzigo huo nao uhesabu. Ukisikia ganzi kwenye kidole kidogo, usisubiri, nenda ukapimwe.

Muscat_Mashimo18:
Sisi wa Oman mapumziko yetu yako upande wa pili wa kalenda. Julai joto linavuka nyuzi 40, anayetaka kucheza anaanza alfajiri au anaacha hadi Oktoba. Mwili unahitaji hayo mapumziko. Mimi nikirudi najisikia na hamu mpya kabisa.

Mzee_wa_Fife:
Vijana, nimecheza Uskoti miaka mingi, sikubaliani na kufungia fimbo. Ila tofautisheni viwanja. Pwani kuna mchanga, maji yanapita, mnacheza Januari kwenye grini halisi. Old Course ya St Andrews kwa miaka mingi wameweka utaratibu wa kubeba kipande cha nyasi bandia na kupigia hapo miezi ya baridi, ili fewei, yaani njia ya nyasi fupi kuelekea grini, ipone. Bara, kwenye mfinyanzi, ni mchezo mwingine.

Kuhusu handikapu, mwanangu, ondoa wasiwasi. Usipocheza haipandi. Hesabu ni kadi (matokeo ya raundi) 8 bora kati ya 20 za mwisho, na kadi 20 za mwisho zinabaki hizohizo hadi uwasilishe nyingine. Hatari ni kurudisha kadi mbovu za Januari zikazisukuma nje kadi zako nzuri za kiangazi. Hata hapo kuna breki: ikipanda zaidi ya 3 juu ya kiwango chako cha chini cha mwaka, kasi inapunguzwa, na haiwezi kuvuka 5. Raundi ya kirafiki si lazima iwe kadi; inahesabika pale tu ulipoisajili kabla ya kuanza. Cheza bila kusajili.

Na usishangae dreva, fimbo ya kupiga mbali zaidi, ikipungua yadi kumi au zaidi. Hewa ya baridi ni nzito na mpira unakakamaa. Wewe umetoka Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, ambako mpira hupaa. Chukua fimbo moja kubwa zaidi usilazimishe. Fimbo saba begani zinatosha, begi litakuwa jepesi na kitoroli hutakihitaji.

MeruLeicester:
Shikamoo mzee. Asante sana, na wengine wote mbarikiwe. Nimeamua hivi: Desemba yote sipigi mpira kwa nguvu, nafanya mazoezi ya kiwiko na kusukuma mipira zuliani. Kuanzia Januari, mashimo tisa ya mchana, fimbo saba, bila kadi. Limebaki suala la ada. Kuna aliyewahi kuomba punguzo la miezi ya baridi?

Grini_Bila_Sakitu:
Punguzo ni gumu, kwa sababu gharama zetu haziendi likizo. Majira haya ndipo tunapochimba mifereji. Ila klabu nyingi sasa zina uanachama wa pointi: unanunua pointi, saa zenye watu wengi zinakula nyingi, mchana wa siku ya kazi zinakula chache. Kwa mwenye zamu za hospitali huenda ukakufaa kuliko unaoulipia sasa. Uliza ofisini kabla mkataba haujajiongeza wenyewe.

MeruLeicester:
Wangu unaisha Machi. Nitawaandikia wiki hii.