Kuandika maisha ya mzee aliyetangulia: tupeane uzoefu (Pemba na Unguja)

Mwenyeji wa Wete
Assalaam alaykum. Mzee wa mji mdogo, mikarafuu yake na kiduka, watoto na wajukuu tele, hakuwahi kuandikwa gazetini. Akifariki inasomwa hitima, watu wanatawanyika. Anayetaka kuwaandikia wajukuu maisha yake aanzie wapi? Leteni njia, habari za misiba yenu tuziache kwa leo.

Karani Mstaafu
Waalaykum salaam. Anza na umri, ndipo panapoharibika mapema. Wengi waliandikwa na baba zao nyuma ya msahafu au ndani ya daftari la duka, kwa herufi za Kiarabu na mwaka wa Hijria. Mwaka huo una siku 354 au 355, hivyo mwenye miaka 90 ya Hijria ana kama 87 ya kalenda ya ukutani. Hesabu ya haraka: zidisha kwa 0.97, jumlisha 622. Mwaka 1355 unakupa 1936, lakini ulianza Machi 1936 ukaisha Machi 1937, kwa hiyo bila mwezi usiandike kwa uhakika. Na siku yetu inaanza Magharibi. Bibi akisema kafa usiku wa Ijumaa, kalenda inasema Alhamisi.

Mtu wa Chake
Pasipo maandishi usiulize "alizaliwa lini", utapewa mwaka wowote ili uondoke. Uliza alikuwa na ukubwa gani jambo fulani lilipotokea. Rupia ilipoondolewa ikaja shilingi, 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Sultani Khalifa bin Haroub alipofariki, Oktoba 1960. Uchaguzi wa Januari 1961, ule wa chama cha Afro-Shirazi (ASP) kuichukua Chake Chake kwa kura moja. Mapinduzi, Januari 1964. Kuuawa kwa Mzee Karume, Aprili 1972.

Kila tukio lifuatishe swali dogo: alikuwa bado chuoni akisoma Kurani? Alishaoa? Alikuwa akikwea mkarafuu kuchuma au akiokota karafuu zilizodondoka? Kuokota ni kazi ya watoto, kwa hiyo jibu hilo peke yake linakupunguzia miaka mingi ya kubahatisha. Msimu mkubwa wa karafuu usiutegemee, haufuati mpango na watu huchanganya miwili kuwa mmoja. Labda uwe umeshikana na mtoto aliyezaliwa wakati huo.

Ya 1964 msiyaulize barazani mbele za watu. Mtu mmoja, chumbani, na akikataa basi.

Bi Mkubwa wa Mkoani
Nyote mnawaza wanaume wa barazani tu! Dada zake na mkewe ndio wanaojua alivyoishi. Mjane akiwa edani, miezi minne na siku kumi, yuko nyumbani muda wote. Wa kumuuliza wawe binti zake, si wajukuu wa kiume na vijana wa mtaa. Msimwambie "tueleze kuhusu marehemu", atakujibu alikuwa mtu mwema na yatakwisha hapo. Ulizeni kazi. Nani alikuwa akichambua karafuu usiku, zilikaa juani siku ngapi, mvua ikija nani alikimbilia majamvi, pesa ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ilikuwa ya nani. Mzee ataonekana mwenyewe humo.

Fundi Simu
Kurekodi: simu iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa, kama shubiri mbili kutoka mdomoni. Ikiwekwa mezani kila kikombe kinasikika. Feni izimwe, simu isiruhusiwe kuita. Mwanzo taja tarehe, mahali na nani anasema. Nusu saa inatosha kwa mkao mmoja. Nakala moja ibaki kwa ndugu wa kisiwa kingine.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue, itachunika. Ipige ikiwa humo humo, karibu na mlango penye kivuli, simu ikiinama kidogo ili kioo kisimulike, bila mwanga wa simu. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli, wino hupenya.

Karani Mstaafu
Nimesahau majina. Andika yote matatu, lake, la baba na la babu, pamoja na lile la utani aliloitwa mtaani, na kila tahajia iliyomo kwenye karatasi: Khamis huku, Hamisi kule. Shamba nalo liandikwe lilivyopatikana, la kiambo (la ukoo), la kununua au eka tatu za kugawiwa na serikali baada ya Mapinduzi. Mkienda kwenye mirathi mtaulizwa hayo hayo.