Kaka kaacha sigara, dawa zinamlemea: naombeni ushauri

Wakuu, poleni na foleni. Niko Mbagala, naishi na kaka yangu anayetumia olanzapini (dawa ya magonjwa ya akili), mwaka wa nne sasa. Alikuwa anamaliza pakiti nzima kwa siku. Mwezi uliopita kaacha ghafla, tukafurahi mpaka mama akapika pilau. Wiki ya pili akaanza kulala hadi saa sita mchana, ulimi mzito, na kahawa ya kijiweni aliyoizoea inamtetemesha mikono.

Nimesoma kwamba moshi wa sigara (moshi wenyewe, si nikotini) una kemikali zinazoingia kwenye seli za ini na kuamsha jeni ya kimeng'enya CYP1A2, ambacho huvunjavunja dawa hiyo, na kafeini pia. Ukiacha kuvuta, ndani ya wiki moja hivi kimeng'enya kinapungua, na dozi ile ile inarundikana mwilini.

Kliniki yake ni mwisho wa mwezi. Nimpeleke kesho bila miadi? Na daktari nimwanzie wapi, maana hajawahi kumuuliza habari za sigara? Kupunguza vidonge wenyewe nyumbani sitaki, kumrudishia sigara ndiyo kabisa.