Mbwa mdogo wa fleti: anabweka kwa kukosa mazoezi, au ndivyo alivyo?

Ghorofa ya Tatu: Wakuu, hapa Upanga jirani ana Chihuahua, hafiki hata kilo tatu. Kutwa yuko kibarazani. Akisikia lifti tu, anabweka mpaka sauti inamkauka. Nimemshauri amtembeze, kanijibu mbwa wa saizi ile akizunguka sebule inamtosha. Kweli?

Mama Koku: Uongo. Wangu alikuwa hivyohivyo, hadi mkia wake mwenyewe anaufukuza. Tangu atolewe nusu saa kila alfajiri, aachwe anuse kila nguzo, akirudi anajibwaga kwenye marumaru, miguu ya nyuma kaitandaza kama chura. Bodaboda ikipita anafumbua jicho moja tu. Dada wa kazi ndiye anamtoa.

Mpwani: Kumbe mazoezi anafanya dada!

Mama Koku: Nani kakuomba usimamie nyumba yangu?

Msomi Uchwara: Turudi kwenye mada. Watafiti wa Helsinki waliwahoji wenye mbwa, matokeo yakatoka 2015: mbwa wanaoogopa kelele na wasiotulia wakiachwa peke yao, kwa wastani walikuwa wanatembezwa kidogo kuliko wenzao. Lakini je, si huenda mwoga ndiye hatolewi, kwa vile anamwaibisha bwana wake njiani? Kipi kilitangulia?

Nyundo: Mama Koku, hiyo saa kumi na moja alfajiri dada anaongezewa shilingi ngapi?

Mama Koku: Anakula ninachokula mimi.

Nyundo: Nimeuliza mshahara, sijauliza menyu. Mbwa naye si anakula unachokula?

Mpwani: Mwenzenu huku nala dagaa, mbwa wa watu anakula kuku.

Bwana Mifugo: Ninatibu wanyama miaka mingi. Mbwa mkubwa akifoka hivyo, mwenyewe anamfundisha adabu haraka. Mdogo mnamcheka, mnambeba kwapani. Matembezi yanasaidia, ila na mafunzo yawepo. Na msimtoe saa saba mchana, lami inaunguza nyayo.

Nyundo: Shikamoo daktari. Na nyayo za dada?

Mama Koku: Wewe una hata paka?

Nyundo: Sina. Ila mama yangu alikuwa dada wa kazi.

Ghorofa ya Tatu: Jamani, mimi niliuliza habari ya mbwa. Hata sasa hivi anabweka.

Nyundo: Mama Koku bado hajajibu.